Kambakochi Alindwe Mizanini

Kambakochi si kitoweo cha Nkuhungu. Katika kata hii ya jiji la Dodoma watu wamezoea perege na kambale wa Mtera na Hombolo, sato wa Ziwa Victoria na dagaa waliokaushwa kutoka maziwa makuu. Bahari iko mbali upande wa mashariki, nyuma ya Morogoro na Pwani. Hata hivyo, kanuni za kumvua kambakochi hutungwa Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, wizara inayosimamia uvuvi ilikuja na bahari yake ndani ya mafaili. Tangu hapo maamuzi makubwa kuhusu viumbe wa Mafia, Kilwa na Mtwara hupita katika ofisi za Mji wa Serikali wa Mtumba, na bajeti ya kuwasimamia hujadiliwa katika ukumbi wa Bunge hapahapa jijini. Kwa hiyo ni halali kabisa kwa mtu wa bara kuuliza kama mnyama huyu analindwa vizuri. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba tunajaribu kumlinda mahali pagumu kuliko pote, yaani mwambani, ilhali kuna mahali rahisi zaidi: kwenye mizani ya mnunuzi, pale ambapo kambakochi wa wavuvi wengi huishia mikononi mwa watu wachache.

Kwanza tumjue mwenyewe. Wengi wakisikia habari za kamba mkubwa wa baharini humfikiria yule wa kwenye picha za hoteli za Marekani na Ulaya, mwenye makucha mawili manene mithili ya koleo. Kambakochi wa Bahari ya Hindi hana makucha hayo. Silaha zake ni miiba iliyotapakaa kwenye gamba na papasi mbili ndefu ngumu, ambazo huzielekeza kwa adui huku akirudi kinyumenyume pangoni. Spishi inayojulikana zaidi katika uvuvi wa pwani yetu wanasayansi huiita Panulirus ornatus, na anaweza kufikia urefu wa nusu mita. Wapo pia ndugu zake kadhaa, akiwemo Panulirus homarus anayependa miamba inayopigwa na mawimbi. Mchana hujificha kwenye mapango ya matumbawe, usiku hutoka kutafuta chaza, konokono na viumbe wengine wa sakafu ya bahari. Hakui taratibu kila siku kama samaki, kwa sababu gamba lake halitanuki. Ni lazima alivue, abaki laini kwa muda, kisha apate jingine kubwa zaidi. Kambakochi wa kilo moja huwa ameishi karibu na ufuo kwa takriban miaka miwili hadi mitatu.

Wanaomvua wengi wao ni wavuvi wadogo wanaotumia mtumbwi, ngalawa au miguu yao tu. Mzamiaji huvaa miwani, hushusha pumzi, huzama na kuchungulia pango moja baada ya jingine. Wako wanaotumia mkuki, wako wanaotega nyavu jioni, na wako wenye mbinu ya zamani inayohitaji akili zaidi: mvuvi hufunga pweza kwenye kijiti na kumwingiza pangoni. Pweza ni adui mkubwa wa kambakochi, hivyo kambakochi akimwona hutoka mbio na kuingia kwenye wavu mdogo uliotegwa mlangoni. Mbinu hii ina faida ya kibiashara. Kambakochi aliyechomwa mkuki hufa, na aliyekufa hushuka thamani haraka. Aliye hai hupelekwa kwenye matangi ya mnunuzi, hupoozwa, hupangwa kwenye maboksi na kusafirishwa kwa ndege. Anaweza kustahimili safari ya saa nyingi nje ya maji mradi mashavu yake ya kupumulia yasikauke. Safari hiyo ni ghali, nayo inahitaji leseni, vibali na mtaji. Ndiyo maana wazamiaji ni wengi waliotapakaa pwani nzima, wanunuzi wenye matangi ni wachache, na wenye uwezo wa kusafirisha nje ni wachache zaidi.

Kabla ya kufika kwenye mizani, yatupasa tuelewe kwa nini kijiji peke yake hakiwezi kuibeba kazi hii. Jike hubeba mamia ya maelfu ya mayai chini ya mkia wake, na yakianguliwa hutoka viluwiluwi bapa, vyembamba kama jani na vyeupe kama kioo, ambavyo havifanani kabisa na mzazi. Viluwiluwi hao huelea bahari kuu. Kwa Panulirus ornatus safari hiyo huchukua miezi minne hadi sita, na katika muda huo mikondo huwapeleka mbali sana na walikozaliwa. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kugawanyika, tawi moja likielekea kusini na jingine kaskazini kupita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba. Wakati wa kusi maji hayo hukimbia hadi Somalia, na wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia karibu na pwani ya Kenya na kugeukia bahari kuu. Wanaosalia hugeuka kuwa kinda dogo linaloweza kuogelea lenyewe, na ndilo linalorudi kutafuta maji ya kina kifupi. Hivyo kambakochi anayevuliwa Kilwa huenda mama yake aliishi nchi nyingine kabisa.

Hapo ndipo tofauti na pweza inapoonekana. Utaratibu wa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue umepata sifa kubwa tangu ulipojaribiwa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, na jamii za huku kwetu, ikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba, zimeufuata. Unafanya kazi kwa sababu pweza anaishi muda mfupi, takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na huongezeka uzito kwa kasi ya ajabu. Wanakijiji wakifunga mwamba leo, baada ya miezi mitatu wanayaona matunda kwa macho yao. Kambakochi hakupi malipo ya haraka namna hiyo. Akiachwa miezi mitatu huongeza ukubwa kidogo tu, na watoto wake watakaa mwambani kwa watu wengine. Anayedhani utaratibu wa pweza unaweza kuhamishiwa kwa kambakochi bila kubadilishwa anawatwisha wanakijiji mzigo ambao faida yake hawataiona, na watu hawalindi kwa muda mrefu kitu wasichokiona kikizaa.

Sayansi, kwa upande wake, inatupa kanuni mbili zilizo rahisi kueleza. Ya kwanza ni kumwacha kila mmoja azae walau mara moja kabla hajavuliwa. Ya pili ni kutomgusa jike mwenye mayai. Ili kanuni ya kwanza iwe na maana ni lazima ijulikane mnyama anapevuka akiwa na ukubwa gani, na jambo hilo hubadilika kutoka spishi hadi spishi na kutoka pwani hadi pwani. Ndiyo kazi ambayo watafiti wa eneo hili wamekuwa wakiifanya. Huko Afrika Kusini, P. F. Berry alichapisha mwaka 1971 utafiti wa kambakochi wa pwani ya mashariki ambao bado ni msingi wa taaluma hii. Nchini Kenya, A. J. Kulmiye na wenzake walipima ukubwa wa kupevuka kwa Panulirus homarus katika eneo la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Pale Gazi, kusini mwa Mombasa, utafiti wa J. K. Okechi na J. J. Polovina uliotolewa mwaka 1995 ulichunguza kama mapango ya kutengenezwa yanaweza kuwasaidia wavuvi wadogo. Tanzania ina Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar. Kwa hiyo wataalamu wa kuweka kiwango tunao. Tatizo linaanza baada ya kiwango kuwekwa.

Pwani ya Tanzania Bara hutajwa kuwa na urefu wa kilomita 1,424. Hakuna idadi ya boti za doria itakayosimama kwenye kila pango kwenye urefu huo, usiku na mchana, bamvua na maji mafu. Na mzamiaji aliyeshika kambakochi mdogo anafanya hesabu inayoeleweka: nikimwachia, mwenzangu anayezama nyuma yangu atamchukua. Kumwambia huyo ajizuie kwa moyo mwema ni kumwomba alipe peke yake gharama ya faida ya wote. Sasa fikiria ukaguzi wa nyama. Mkaguzi hazunguki kila zizi la Ugogo kumchunguza kila ng'ombe. Anasubiri machinjioni Kizota, si mbali na Nkuhungu, kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji wengi hupitia mlango mmoja kabla nyama haijafika buchani. Mfugaji anajua kwamba mnyama mgonjwa hatapigwa muhuri, basi hampeleki. Kambakochi naye ana mlango wake, ambao ni tangi na mizani ya mnunuzi. Mnunuzi akikataa wadogo na wenye mayai kwa sababu yeye mwenyewe atapoteza leseni, mzamiaji hana sababu ya kuwatoa pangoni.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Ni bamba la chuma lenye pengo la milimita zilizowekwa na sheria, linalopachikwa kwenye gamba la kichwani, kuanzia katikati ya pembe za juu ya macho hadi mwisho wa gamba kabla ya mkia. Likipita bila kugusa, huyo ni mdogo. Gamba ni shahidi bora kuliko uzito, kwa sababu kambakochi aliyetoka kujivua, au aliyepoteza miguu wakati wa kuvutwa pangoni, huwa mwepesi kuliko umri wake. Kipimo cha gamba ni bora hata kuliko marufuku ya mayai, ingawa zote mbili zinahitajika. Mayai yanaweza kukwanguliwa kwa brashi kabla ya kufika sokoni, na udanganyifu huo unajulikana duniani kote. Urefu wa gamba haukwanguliki.

Ushahidi kwamba hatua kama hizi huzaa matunda unapatikana kwa kambakochi na kwa jamaa zake. Jimbo la Maine, Marekani, hukataza kuvua wale kamba wa makucha wenye gamba chini ya takriban milimita 83 na pia wale wanaozidi milimita 127, kwa kuwa majike wakubwa ndio wenye mayai mengi. Wavuvi wenyewe humkata jike mwenye mayai alama ya V kwenye mkia, na mwenye alama hiyo hauziki. Mavuno ya jimbo hilo yaliongezeka kwa miongo kadhaa hadi kufikia takriban tani 60,000 mwaka 2016. Tukiwa wakweli, tutakiri kwamba maji kupata joto na kupungua kwa samaki wanaowala kulichangia, hivyo kipimo hakistahili sifa zote. Magharibi mwa Australia mfano ni wa wazi zaidi. Huko watafiti wamekuwa wakihesabu makinda yanayofika ufuoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hesabu hiyo huwaambia mavuno yatakuwaje miaka mitatu hadi minne baadaye. Msimu wa 2008/09 makinda yalipungua kupita kiasi, nao wakapunguza uvuvi mapema, kabla upungufu haujaonekana kwenye mitego. Mwaka 2000 uvuvi huo ulikuwa wa kwanza duniani kupewa cheti cha Baraza la Usimamizi wa Bahari la kimataifa.

Pingamizi la kwanza ni zito: mvuvi maskini ndiye atakayeumia. Wengi wa wazamiaji wana tajiri, yaani mtu aliyewakopesha boti, mafuta au pesa za msiba, na deni hilo hulipwa kwa kambakochi. Ukimkataza kuuza wadogo leo, umempunguzia mlo wa leo. Hilo ni kweli, na mpango wowote unaolipuuza utakufa msimu wa kwanza. Lakini tutazame ni nani anayebeba mzigo chini ya utaratibu wa doria. Anayekamatwa ufuoni ni mzamiaji mwenye kambakochi watatu kwenye kapu, ilhali mnunuzi aliyempa sababu ya kuwavua anaendelea na biashara. Kuhamishia adhabu kwa mwenye leseni ni kuielekeza kwa mwenye uwezo wa kuibeba na mwenye faida kubwa zaidi. Jambo la pili ni hesabu: kambakochi akiachwa ajivue gamba mara kadhaa anaweza kuongezeka uzito maradufu, na aliye mkubwa aliye hai huleta pesa zaidi ya wadogo wawili waliochomwa mkuki. Makali ya mwanzo yanaweza kupunguzwa kwa kutangaza kiwango msimu mmoja kabla na kukipandisha hatua kwa hatua.

Pingamizi la pili linasema kambakochi atapita njia za panya. Kutoka Tanga hadi Vanga upande wa Kenya ni safari fupi kwa chombo chenye mashine, na Zanzibar ina mamlaka yake ya uvuvi, maana uvuvi si jambo la Muungano. Kama kiwango cha Bara ni kikali na cha jirani ni legevu, mzigo utavuka tu. Kwa maoni yangu pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Linaonyesha kwamba kiwango kimoja hakina budi kukubaliwa na Dodoma, Zanzibar na Nairobi, na makubaliano ya aina hiyo hayajashindikana katika ukanda huu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ikiwa na makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolizunguka ziwa hilo. Pia kambakochi hai si pembe ya ndovu. Hawezi kufichwa ghalani hadi mambo yapoe. Anahitaji tangi, barafu na ndege ndani ya siku chache, na vituo vya kumpatia vitu hivyo vinahesabika. Kwa wale wanaoliwa hotelini hapahapa nchini, jikoni ni rahisi kukagua kuliko mwamba.

Kuna wanaouliza: kama watoto wanachukuliwa na mkondo, tuwalinde wazazi kwa faida ya nani? Spishi ileile ya Panulirus ornatus imekwisha kulijibu swali hilo katika mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea. Kambakochi wa huko husafiri hadi takriban kilomita 500 kwenda kuzaa karibu na kisiwa cha Yule. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwazoa njiani, hadi zilipopigwa marufuku kuwavua mwaka 1984. Nchi hizo mbili zina mkataba wa kugawana rasilimali za eneo hilo, ulioanza kutumika mwaka 1985. Walielewa kwamba kila mmoja ni mwenyeji wa watoto wa mwenzake. Sisi tunapokea viluwiluwi kutoka kusini na mashariki na tunawapeleka kaskazini. Anayeacha kulinda kwa sababu hiyo anamfundisha jirani wa juu ya mkondo afanye vivyo hivyo.

Wengine huweka matumaini kwenye ufugaji. Vietnam hufuga kambakochi kwenye vizimba vya baharini kwa wingi, lakini kwa muda mrefu mbegu yake imekuwa makinda yanayokamatwa baharini, kwa kuwa kuwalea viluwiluwi kutoka kwenye yai ni kazi ngumu iliyoanza kufanikiwa kibiashara hivi karibuni tu. Kunenepesha kambakochi wadogo kwenye vizimba huku kwetu kunaweza kuwa biashara nzuri, ila kukiruhusiwa kabla kipimo hakijasimama kutafungua mwanya mpana, maana kila mdogo atakayekutwa kwenye boksi ataelezwa kuwa anapelekwa kizimbani. Ufugaji uje baada ya kipimo, na kila kizimba kiwe na daftari lake.

Daftari ndilo faida ya mizani ambayo husahaulika. Mnunuzi anayelazimika kuandika kila siku idadi, spishi, urefu wa gamba na eneo la uvuvi anawapa TAFIRI na wenzao taarifa ambazo watafiti wachache wasingeweza kuzikusanya kwa kutembea diko hadi diko. Kwa taarifa hizo mtu yeyote anaweza kuupima utaratibu ninaoutetea. Wizara inapowasilisha bajeti yake bungeni kila mwaka, mbunge wa Dodoma ana haki sawa na wa Mafia ya kuuliza ni wanunuzi wangapi waliokaguliwa, ni wangapi waliopoteza leseni, na wastani wa urefu wa gamba umefikia milimita ngapi. Kambakochi huhitaji miaka miwili hadi mitatu kukua, basi na kanuni ipewe muda huohuo tangu siku ya kwanza ya kutekelezwa kikamilifu. Kama baada ya hapo wastani haujapanda, itakuwa ama wanunuzi wanadanganya au kiwango kimewekwa chini mno, na daftari litaonyesha ni lipi kati ya hayo mawili linalopaswa kurekebishwa.